Moyo wa baba na kusahau kwake: naomba ushauri

Binti Kisauni
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 72, alifanya kazi bandarini hadi akastaafu, na presha anayo kwa miaka 15 sasa. Dawa alikuwa akizimeza siku ambazo kichwa kinamuuma tu, kwa sababu, kwa maneno yake, vidonge si peremende. Tangu miezi minne hivi amebadilika. Juzi alikuwa barazani na wenzake, akampa muuza kahawa noti ya mia, na alipopewa chenji aliitandaza kiganjani, akaitazama sarafu mojamoja kama mtu anayesoma maandishi asiyoyajua, kisha akanikabidhi nimhesabie. Huyu ndiye aliyekuwa akihesabu makasha melini bila kalamu. Jioni hiyo aliniuliza mara tatu kama alasiri imeadhiniwa.

Daktari aliyempima wiki iliyopita alisema mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, na kwamba kusahau huko huenda kuna uhusiano na moyo. Shangazi zangu wanasema ni uzee, na mmoja anashikilia kwamba amechezewa. Moyo unaingiaje katika akili? Na tufanye nini?

Muuguzi Mstaafu
Wa alaykum salaam, mwanangu. Daktari hajakosea. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala la kuiweka akiba. Presha ikikaa juu miaka mingi, vijishipa vyembamba vilivyo ndani ya ubongo hukakamaa na kuziba kimoja baada ya kingine, na kila kinapoziba, sehemu ndogo hufa bila mgonjwa kuanguka wala kupooza, ndipo watu wa nyumbani wakasema ni uzee.

Mapigo yasiyo na mpangilio yana hatari yake. Damu hutuama katika chumba cha juu cha moyo, ikaganda, na bonge likichomoka huweza kupanda kichwani. Hatari ya kiharusi kwa mtu kama huyo ni takriban mara 5 ya asiyekuwa na hali hiyo. Muulizeni daktari kama baba anafaa kupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Msimnunulie wenyewe dukani, kwa kuwa hupimwa kwanza figo na hatari ya kuvuja damu. Ombeni pia apimwe sukari, tezi la shingo na masikio, maana asiyesikia vizuri huonekana kama aliyesahau.

Kuhusu presha yenyewe, utafiti wa Marekani wa SPRINT MIND, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba walioshushwa presha, ile namba ya juu, chini ya 120 walipungukiwa na kumbukumbu kwa uchache kuliko walioachiwa chini ya 140, ingawa kwa dimenshia yenyewe, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, tofauti haikuwa ya uhakika. Msimshushe mzee kwa pupa lakini. Akipata kizunguzungu akaanguka, mtakuwa mmeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Mlikoni
Mama yangu alikuwa vivyo hivyo. Kilichotufaa ni kibweta cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, na mjukuu wake humletea kidonge pamoja na chai ya asubuhi. Chumvi ndiyo iliyotushinda. Tuliipunguza mchuzini, kumbe yeye alikuwa akila achari ya embe na papa mkavu kwa siri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kasoro ya kijiko cha chai, na sisi ile ya papa hatukuwahi kuihesabu. Ramadhani ikikaribia, mwone daktari mapema awapangie dawa za futari na daku.

Mzee wa Baraza
Mimi nina miaka 75 na majina ya wajukuu nayachanganya kila siku. Si kila kusahau ni maradhi. Mpeni kitunguu thaumu na asali, mumwache apumzike.

Muuguzi Mstaafu
Kaka yangu, kuchanganya majina ya wajukuu si sawa na karani wa makasha kushindwa na chenji ya kahawa. Thaumu aendelee kuila, mradi isichukue nafasi ya kidonge, na akianzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande amwambie daktari kwamba anaila kwa wingi. Nawe binti, akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukalegea, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Binti Kisauni
Nashukuru nyote. Jana tulirudi kwa daktari, akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande, na ya presha ikabadilishwa. Nilimuuliza kama kilichosahaulika kitarudi. Akasema huenda kisirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Asubuhi ya leo nilimpa baba kidonge, akaniuliza, "Kwani mimi naumwa na kichwa?" Nikamjibu kwamba haumwi, na ndiyo maana tunakimeza. Alikigeuzageuza kiganjani kama zile sarafu, akakimeza, kisha akataka kahawa.