Je, Lawrence anaweza kuchukua nafasi ya Freud katika uhakiki?

Mwanafunzi wa Fasihi
Ndugu zangu, ninaandika tasnifu kuhusu riwaya ya D. H. Lawrence, Sons and Lovers (1913), na msimamizi wangu anataka niichambue kwa nadharia ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi. Hata hivyo, Lawrence mwenyewe aliipinga nadharia hiyo katika vitabu vyake Psychoanalysis and the Unconscious (1921) na Fantasia of the Unconscious (1922). Je, ninaweza kuutumia mfumo wake badala yake?

Kalamu Nzito
Mwenzangu, tazama kwanza anachokikataa. Kwa Freud, ung'amuzi bwete, yaani sehemu ya nafsi tusiyoitambua, umejaa matamanio yaliyozuiwa yasifike kwenye fahamu. Lawrence anashikilia kwamba uchafu huo umetoka akilini kwenyewe, na kwamba ung'amuzi bwete halisi ni uhai uliotangulia fikra zote. Anauweka mwilini, katika vituo vya neva vya tumboni, kiunoni na kifuani. Kwa maelezo yake, mtoto mchanga hujilaza kwa mama kana kwamba wangali mwili mmoja, kisha ghafla hukakamaza mgongo, akapiga mateke na kulia kwa hasira: msukumo wa kwanza ni wa tumbo, wa pili ni wa kiuno, na huo wa pili ndio unaomtenga awe mtu kamili. Hapo hapana wazo lolote lililofichwa.

Msomaji Mkaidi
Kama elimu ya mwili, hayo hayasimami. Tena katika Fantasia anadai kwamba mzazi anayemmiminia mwanawe mapenzi kupita kiasi humwamshia mapema hisia zisizokomaa, na hiyo ni habari ya Bi. Morel na mwanawe Paul wa Sons and Lovers ikisimuliwa upya. Naona amemrudia Freud kwa mlango wa uani.

Kalamu Nzito
Si hivyo hasa, kwa kuwa kwa Freud tamaa huanzia kwa mtoto, ilhali Lawrence humlaumu mzazi. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba katika dibaji ya Fantasia anasema falsafa yake imetokana na riwaya na mashairi yake, wala si kinyume chake. Ukiichambua riwaya kwa falsafa hiyo, utazunguka palepale. Ningekushauri umtumie Lawrence kumhoji Freud. Anzia sura ya pili ya riwaya, Bi. Morel anapompakata Paul mchanga na kuhisi kana kwamba kitovu kilichowaunganisha hakijakatika, kisha ulinganishe na uhakiki wa Kifreud wa Alfred Kuttner wa mwaka 1916, ambao Lawrence aliuchukia.