Yule mtangazaji wa zilipendwa za Jumapili kanilizia mbuzi hewani!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Redio nusura niitupe dirishani, kilichoiokoa ni kwamba ni ya mke wangu.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule wa sauti nzito ya kujilazimisha, anayeongea juu ya wimbo mpaka ubeti wa pili, halafu anaukata kabla haujaisha ili apige tangazo la magodoro. Huyohuyo.

Leo kapiga Wild World ya Maxi Priest. Wimbo mtamu, sina ugomvi nao. Ulipoisha akatamka, "Hapo ndipo mnapoona utunzi wa Mjamaika halisi." Nikapiga simu. Nikamwambia kwa adabu zote, kaka, wimbo huo kautunga Cat Stevens, Mwingereza wa London, upo kwenye albamu yake ya 1970. Maxi Priest kaja kuurudia 1988.

Akabonyeza kile kidude chake, mbuzi akalia. Mbeee! Hewani! Na mama mkwe hakosi kipindi hicho, anasikiliza huku anachoma vitumbua!

Nikasema labda kidole kimeteleza. Nikaendelea: hata Jimmy Cliff kauimba kabla ya Maxi, mwaka huohuo wa 1970, na Cat Stevens mwenyewe ndiye aliyesimamia kurekodi. Mbeee! Nikamwambia na ile First Cut Is the Deepest unayompa Rod Stewart kila wiki, nayo ni ya Cat Stevens, P.P. Arnold kaitoa 1967. Safari hii wakalia wawili, mkubwa na mtoto wake! Halafu, "Asante mzee wetu, usisahau dawa za jioni." Simu ikakatwa.

Mzee! Mimi ambaye juzi tu nimecheza namba saba!

Huyo Cat Stevens kaugua kifua kikuu akiwa bado kijana, kalazwa miezi, katoka hospitali na nyimbo za kujaza gunia. Kasilimu 1977, kanadisha magitaa yake hela zikaenda kwenye sadaka, kafungua shule London, kaja kurudi na albamu ya nyimbo za kawaida 2006. Maisha yote hayo, jibu la redio yetu ni mbuzi. Nasema mbuzi, wakuu! Na nilikuwa naongea vizuri!

Kaseti Mbovu: Nimekusikia, mkuu. Nilidhani ni tangazo la Idd.

Mama Ntilie Digital: Kusema kweli mbuzi alipatia sauti kuliko wewe.

Sharifu wa Mwembe: Subirini kwanza. Cat Stevens si ndiye Yusuf Islam? Yule wa Tala'al Badru? Madrasa tumekua na kaseti yake, ustadhi hakutuambia kama kaka alikuwa na gitaa!

Mleta uzi: Ndiye! Na lile gitaa kalirudia, 2023 kapanda jukwaa la Glastonbury akiwa na miaka 74. Ningemwambia hata hilo, ila nilizibwa na mbuzi.

Rasta Asiye na Nywele: Mleta uzi unajua nusu. Maxi Priest naye si mzaliwa wa Jamaika, kazaliwa London hukohuko. Kwa hiyo mtangazaji kakosea mara mbili na wewe umemrekebisha mara moja. Mbeee.

Mleta uzi: Wewe upo upande gani?

Rasta Asiye na Nywele: Upande wa mbuzi.

Kaseti Mbovu: Mimi na Father and Son nilijua ni ya Boyzone mpaka leo. Nimechumbia kwa wimbo ule. Naomba mwongozo, ndoa yangu bado halali?

Sharifu wa Mwembe: Halali, ila mahari uliyotoa ya mtu mwingine.

Binti wa Gongo la Mboto: Nyie mnalilia mbuzi, mimi yule jamaa wa kipindi cha usiku kasoma ujumbe wangu wa mapenzi akataja na mtaa ninaokaa. Mtaa mzima sasa wananiita "mpenzi msikilizaji", mpaka muuza maji.

Mama Ntilie Digital: Afadhali wewe umesomwa. Mimi natuma salamu tangu enzi za kadi, sijawahi kusikia jina langu hata la kukosea.

Rasta Asiye na Nywele: Na yule MC wa harusi juzi, tunaingia ukumbini na zawadi ya jokofu, kazima muziki anauliza, "Hili limelipwa lote au bado mnadaiwa?"

Kaseti Mbovu: Huyo namjua! Kwenye harusi ya dada yangu kamwita bwana harusi kwa jina la mchumba wa zamani. Na tulimlipa!

Binti wa Gongo la Mboto: Kamwita jina gani??

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Wimbo ni wa 1970.

Binti wa Gongo la Mboto: Mzee tulia kidogo. Kaseti, bibi harusi alifanyaje?

Kaseti Mbovu: Fungua uzi wako mpya wa MC nikasimulie huko. Hapa tutajaza uzi wa watu, na kuna mtu hajakula dawa.