Uzi gani kwa blanketi la mtoto? Na wikendi mnatembea wapi?

Wapendwa,

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kwenu. Nina miezi minne tangu nihamie ugenini. Giza linaingia mapema, kwa hiyo jioni nimeanza kufuma kwa krosheti ili mikono isikae bure. Jirani yangu, aliyenionyesha kituo cha basi siku yangu ya kwanza ya kazi, anakaribia kujifungua. Nataka kumfumia mtoto blanketi. Ninunue uzi gani? Na wikendi mnatembea wapi bila kumaliza mshahara?

---

Marahaba mdogo wangu,

Kabla ya kuchagua rangi, fikiria nani atalifua hilo blanketi. Zawadi ya kwanza niliyotoa ugenini ilikuwa sweta la sufu halisi, kazi ya wiki sita. Mwenyewe akalitia kwenye mashine kwa maji ya moto. Likatoka limesinyaa, gumu kama zulia, hata mishono haionekani. Alilia, nami nikalia. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia. Nyuzi za sufu zina magamba madogo sana; zikipata joto na kusukwasukwa hushikana, na haziachani tena.

Mama mwenye kichanga hana muda wa kuloweka kitu kwenye beseni. Nunua pamba au akriliki (uzi wa kutengenezwa kiwandani, si wa mnyama wala mmea), au sufu iliyoandikwa kuwa inafulika kwa mashine. Soma karatasi inayozunguka donge la uzi: ina uzito kwa gramu, urefu kwa mita, na saizi ya sindano. Uzi wa unene wa kati huenda vizuri na krosheti ya milimita 5. Ina pia alama za ufuaji: picha ya beseni lenye mkono ndani maana yake fua kwa mkono; beseni lililopigwa alama ya X, usifue kwa maji. Akriliki usiipige pasi ya moto, inalegea na hairudi.

Tazama pia namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Nunua madonge yote ya namba moja kwa mpigo. Nyeupe mbili za mikupuo tofauti dukani zinafanana, lakini ukishafuma mstari unaonekana kama kiraka.

Chagua mshono ulioshikana, maana vidole vya kichanga hunasa kwenye matundu, na usiweke vifungo wala vishada. Mwambie mama ni la kumfunika kwenye kigari au mapajani, lisiachwe kitandani mtoto akiwa amelala. Mpe na ile karatasi ya uzi.

Matembezi: ulizia makumbusho yaliyo karibu nawe, mengi yana siku ya kuingia bure. Nenda moja kwa moja kwenye chumba cha vitambaa. Mimi naweza kusimama mbele ya kabati moja saa nzima nahesabu mishono. Na ukijaliwa kusafiri, weka akilini kitambaa cha Bayeux cha Ufaransa. Wengi hudhani kimefumwa, kumbe kimedariziwa kwa sindano: nyuzi za sufu juu ya kitani, urefu wa karibu mita 70, kazi ya karne ya 11, kikisimulia Wanormani walivyoiteka Uingereza mwaka 1066. Kila farasi pale ni mkono wa mtu.

---

Naongezea la posta, kwa wanaotuma zawadi nyumbani. Kwenye fomu ya forodha, CN 22 kwa kifurushi kidogo au CN 23 kwa kikubwa, usiandike "zawadi" peke yake. Andika "blanketi la mtoto, pamba, limefumwa kwa mkono", uzito wake, na thamani ya kweli. Fomu hizo ni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, ndiyo maana zinatambulika karibu kila nchi. Vitu vya uzi ni vyepesi ila vinajaa. Kunja, kandamiza hewa itoke, kisha funga ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Na mdogo wangu, ukifika kwenye kona unapozungushia ukingo, tia mishono mitatu kwenye tundu lile lile. Usipofanya hivyo kona itajikunja.