Hadithi yangu inasikika kama insha ya shule

Chipukizi, Kondele: Wenzangu, naandika hadithi fupi ya mama muuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Nimeandika "alikuwa na huzuni nyingi" na haigusi. Nifanyeje?

Jirani wa ziwa: Nenda ufuoni Dunga, hapo Kisumu, alfajiri, wavuvi wakirudi na taa zao. Kaa dakika 20, uandike mambo 10 unayoyaona, kuyasikia na kuyanusa, bila neno moja la hisia. Kisha mwonyeshe huyo mama akichambua omena iliyonyeshewa, akitenga iliyoanza kunuka, mteja anamsalimu wala haitikii. Omena ikikosa jua huoza, kwa hiyo msomaji ataijua hasara kabla hujaitaja.

Mhariri, Nakuru: Na usifungue kwa methali, tafadhali! Fungua kwa tukio. Jaribu kufuta aya ya kwanza. Mara nyingi hadithi huanzia ya pili. Halafu soma kwa sauti: pumzi ikikuishia kabla ya nukta, ivunje sentensi.

Msomaji, Kakamega: Mazungumzo pia. Mteja wa soko la Kibuye hasemi "ningependa kununua omena." Husema, "Mama, gorogoro ni pesa ngapi?" akimaanisha mkebe wa kupimia.