Mtoto wa miezi mitatu ana weupe kwenye mboni, tusubiri akue?

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu kajifungua, mtoto ana miezi mitatu sasa, mboni ya jicho la kulia ukimgeuzia kwenye mwanga ina weupe kama maziwa, la kushoto liko poa. Bibi yake anasema ni uchanga utaisha wenyewe, jirani nae kamwambia amkamulie maziwa ya ziwa jichoni. Wenye uzoefu tusaidieni.

Kipepeo_Tanga: Usisubiri chochote mkuu na hayo maziwa acheni. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao (lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu), ila saratani ya jicho ya watoto nayo huanza hivyohivyo na ile inaua. Kwa kuangalia tu nyumbani hamtofautishi, mpaka aekewe dawa ya kupanua mboni waangalie ndani. Mkiwa Dar nendeni CCBRT au Muhimbili, kaskazini KCMC Moshi.

mama_wawili: Pole dada. Wa kwangu alikua na mtoto wa jicho, jicho moja pia. Haraka yote ni kwamba ubongo unajifunza kuona miezi hii ya mwanzo, jicho lisipopeleka picha safi ubongo unalizoea kulipuuza, ukija kulisafisha ana miaka 6 jicho linang'aa vizuri tu ila halioni la maana. Na operesheni ndo mwanzo wa kazi, hawakumuekea lenzi ya ndani alikua mdogo mno akapewa miwani minene ya kufunga na lastiki, halafu kila siku unaziba jicho ZIMA kwa plasta ili lile bovu lifanye kazi. Atalia na ataibandua, mi nilikua namvalisha soksi mikononi 😅

Muuliza swali: Asanteni sana. Sasa huku mama mtu analaumiwa eti alikula nini akiwa mjamzito?

Kipepeo_Tanga: Chakula hakihusiki. Wengine wanarithi, wengine mama alipata rubella (ugonjwa wa virusi wa homa na vipele) mimba ikiwa changa (chanjo yake huku imeanza 2014 pamoja na surua), na mara nyingi hasa likiwa jicho moja sababu haionekani kabisa. Ila mwambieni daktari kama alipata homa na vipele, maana rubella inagusa moyo na masikio pia, watampima vyote.

Muuliza swali: Alipata vipele kweli, mwezi wa pili wa mimba. Tunaenda jumatatu.

mama_wawili: Bebeni kadi ya kliniki ya mama na ya mtoto, na mfike asubuhi sana foleni ya watoto ni ndefu.