Ananitoa kwa ghulamu na nne, halafu ananiambia NIJIFUNZE KUTUPA KARATA

Ree_ya_Kopa (mleta uzi):

Wakuu, nimeinuka mezani sasa hivi, naandika nikiwa wima maana nikikaa nitavunja kiti.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa miwani myeusi, anayegonga meza kwa pete kila zamu ikimfikia. Hakuna mcheza poka wa mashindano ya meza nyingi ambaye hajapandwa presha kwa ajili yake.

Tulianza watu 430, wanaolipwa ni 63. Tumebaki 65. Wawili tu watoke! Blaindi, zile chipu za lazima za watu wawili kila mgao, ni 2,000 kwa 4,000, na anti, ya lazima ya meza nzima, 4,000 juu yake. Mimi nina 96,000, yeye ana 110,000. Wengine pale mezani wamebaki na vichipu vya kuhesabu kwa jicho moja, wanasali tu.

Naletewa ree mbili, ya kopa na ya shupaza. Napandisha hadi 9,000. Pete: ko, ko, ko. Anapandisha hadi 26,000. Natia chipu zangu zote.

Hapo kila mwenye ubongo kichwani anatupa karata zake, anajitoa kwenye mgao. Akitupa anabaki na 84,000, yaani blaindi kubwa 21, analala usingizi mnono. Yeye kagonga pete, kafuata, kaweka sawa na zangu! Anafunua: ghulamu ya pau na 4 ya uru. Garasa limebebwa mgongoni na ghulamu, hata rangi hazifanani.

Katika kila mara 8 hapo mimi nashinda 7. Zikashuka mezani karata za wote: 9 ya shupaza, 4 ya kopa, 2 ya shupaza. Haya, kapata kijipea chake. Ya nne mfalme. Zimebaki karata 44 tusizozijua, za kumwokoa ni 5 tu. Ya mwisho: ghulamu ya kopa, kapata pea mbili.

Hiyo nimemeza, karata ni karata. Lakini nainama kuokota simu, naye anainama nami, naiona sura yangu kwenye miwani yake, ananiambia: "Jifunze kutupa karata, mzee. Karibu na malipo watu hawachezi hivyo."

MIMI. Mwenye ree mbili. Naambiwa na mwenye ghulamu na nne. Nijifunze kutupa!

Mtu wa namna hii anafanywaje?

Mchanga_Karata:

Pole sana mkuu. Nimepiga hesabu yake. Alitakiwa kuongeza 70,000 kugombea 132,000 zilizokuwa mezani, kwa hiyo alihitaji nafasi ya ushindi ya asilimia 35 hivi ndipo alipe bila hasara. Na hapo sijagusa ICM, ile hesabu ya kugeuza chipu kuwa thamani ya pesa za zawadi. Karibu na malipo, chipu unazopoteza ni ghali kuliko unazopata, kwa hiyo alihitaji zaidi ya hapo. Angekosa angebaki na 14,000, blaindi tatu na nusu. Huyo hakuhesabu kitu.

Ree_ya_Kopa:

Asante! Na bado KANIAMBIA NIJIFUNZE KUTUPA.

Garasa_Tupu:

Pole ya nini? Mimi nauliza: saa tisa nzima mezani, una blaindi 24 tu? Mleta uzi nimekaa naye meza moja. Anatupa saa nzima, siku akipandisha hata mgawaji anajua ana ree. Ndiyo maana haendi mbali. Kwa blaindi hizo, kila mgao una 10,000 zimelala mezani kabla mtu hajafungua mdomo, na mzunguko mzima unakugharimu hizo hizo 10,000. Ukiiba, yaani ukipandisha wote wakatupa, mara moja kwa mzunguko unabaki ulipo. Ukiiba mara mbili unapanda. Yeye haibi hata mara moja, halafu analia ree zimevunjwa.

Ree_ya_Kopa:

Sijaja kuomba darasa. Ree mbili nizitupe wapi? Jalalani?

Bibi_wa_Uru:

Mwacheni jamaa wa pete, ana moyo. Mwaka 2003 kule Las Vegas, wamebaki wawili kwenye shindano kuu la World Series of Poker, Chris Moneymaker alimtilia zote Sam Farha akiwa na mfalme mtupu mkononi. Farha ana pea ya 9, akatupa. Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5, kati ya watu 839. Waoga hawafiki meza ya mwisho.

Mchanga_Karata:

Dada yangu, soma tena ulichoandika. Moneymaker ALITIA. Anayetia ana njia mbili: mwenzake atupe, au karata zimbebe. Anayefuata ana njia moja tu, karata. Ndiyo maana ukibaki na blaindi 10 unatia zote na mkono ambao huwezi hata kidogo kufuata nao. Jamaa wa pete kafuata na ghulamu na nne. Huo ni moyo wa nini?

Bibi_wa_Uru:

Wa kushinda. Kashinda au hakushinda?

Shupaza_Tisa:

Huyo wa pete ana afadhali, anacheza haraka. Mnamjua yule wa kofia? Tukikaribia malipo, ana blaindi mbili, kila mgao anakaa kama anachagua mke mpaka aitiwe saa, ahesabiwe muda wa kuamua, kisha anatupa. Meza ya jirani wamegawiwa mara tatu, sisi mara moja, na blaindi hazimsubiri mtu. Meza zote zigawiwe kwa pamoja mapema, siyo mpaka abaki mmoja wa kutoka.

Garasa_Tupu:

Yule wa kofia! Juzi alizihesabu chipu zake nne mara mbili.

Pau_Kumi:

Nyie mnalia na saa, mimi nalia na wanaoingia tena. Yuko mmoja aliingia mara nne siku moja. Anatia zote bila kutazama karata mpaka zijirudufu, akitolewa anafungua pochi. Mimi nina kiingilio kimoja, nacheza kwa hofu, naye anatugeuza kuni za kuotea moto.

Shupaza_Tisa:

Lakini pesa zake ndizo zinazonenepesha zawadi.

Pau_Kumi:

Zawadi inayochukuliwa na nani? Si yeye!

Ree_ya_Kopa:

Jamani. GHULAMU NA NNE. Ya pau na ya uru. Halafu kaniinamia na yale miwani.

Bibi_wa_Uru:

Kuingia tena kuruhusiwe mara moja tu, basi.

Pau_Kumi:

Naunga mkono. Hivi kesho usajili unafungwa blaindi zikifika ngapi?