Naomba ushauri: taarifa za hoteli kwa wageni wa harusi mtandaoni

Wakuu, habari zenu. Vyumba vya wageni vimetengwa kwa bei ya kikundi, na hoteli imetoa linki pamoja na msimbo (code) wa kikundi wa kuwekea nafasi. Linki inafunguka vizuri, ila mgeni akichagua usiku ulio nje ya tarehe zilizotengwa anaambiwa vyumba vimejaa, hata kama vipo. Wengine hukata tamaa na kukimbilia tovuti za mawakala, na chumba kilicholipiwa huko kwa kawaida hakihesabiwi kwenye kikundi. Hapo ndipo penye shida kubwa: mkataba unataka asilimia 80 ya vyumba vichukuliwe, la sivyo pengo linalipwa na wenye harusi.

Je, niombe hoteli iongeze usiku mmoja kila upande, au niandike tu wapige simu na kutaja jina la kikundi? Tarehe ya mwisho ya kuweka nafasi kwa bei hiyo ni siku 30 kabla ya harusi; niwatangazie wageni wiki mbili mapema zaidi?

Na ukurasa wa mtandaoni ninaoweka taarifa hizi za harusi, niufunge kwa nywila? Ukiwa wazi, yeyote anaona ni siku zipi familia nzima haitakuwa nyumbani. Nywila nayo huwakwamisha wazee. Mliowahi kusimamia hili, mlipangaje?